Minara ya kulinda moto: Jicho la mlimani ambalo setilaiti haijalistaafisha

MVUA zinapokatika kati ya Aprili na Mei, nyasi za uwanda wa juu wa kati huanza kukauka. Kufikia Septemba na Oktoba, eneo linaloanzia Kongwa, likapita Dodoma hadi Manyoni, huwa limesubiri kiberiti kwa miezi mitano. Ndio wakati ambao wakulima huandaa mashamba, wafugaji hutafuta machipukizi mapya ya malisho na warina asali huingia porini na vienge vya moto. Aliyesimama juu ya Mlima Mlimwa mjini Dodoma katika miezi hiyo huweza kuona moshi zaidi ya mmoja upeoni.

Kuona moshi ni jambo moja. Kujua unatoka wapi hasa, na kumfikishia habari mtu mwenye uwezo wa kuuzima, ni jambo jingine, na hiyo ndiyo kazi ambayo mnara wa kulinda moto ulibuniwa kuifanya.

Mnara wa aina hiyo ni kibanda chenye madirisha pande zote, kilichojengwa kileleni mwa mlima au kuinuliwa juu ya nguzo za mbao au chuma. Ndani yake hukaa mlinzi ambaye kwa msimu wote wa kiangazi hana kazi nyingine ila kutazama. Urefu una hesabu yake. Katika nchi tambarare, mtu aliye juu ya mnara wa mita 30 huona ardhi hadi umbali wa kilomita 20 hivi. Akiwa juu ya mlima unaozidi tambarare kwa mita 300, upeo wake hufika kilomita 60 na zaidi, iwapo hakuna ukungu wala vumbi. Moshi, kwa kuwa hupanda, huonekana hata moto wenyewe ukiwa nyuma ya upeo huo.

Marekani ndiyo iliyoigeuza kazi hii kuwa mfumo wa taifa, na ilifanya hivyo baada ya msiba. Tarehe 20 na 21 Agosti, 1910, upepo mkali uliunganisha mioto mingi midogo katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington. Takriban hekta milioni 1.2 ziliteketea na watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao wakiwa wazima moto. Somo lililotolewa na Idara ya Misitu ya nchi hiyo lilikuwa kwamba moto hushindwa ungali mdogo. Minara ikaanza kujengwa kwa wingi, hasa kati ya 1933 na 1942 ambapo serikali iliwaajiri vijana waliokosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi.

Hata hivyo, mnara peke yake haukutosha. Mlinzi angeweza kusema moshi uko "upande ule", maneno yasiyomsaidia mtu aliye bondeni na shoka mkononi. Mwaka 1911, mtumishi wa idara hiyo, William Osborne, alibuni kifaa kilichoziba pengo hilo. Kilikuwa sahani ya duara iliyowekwa ramani ya eneo, ikiwa na mnara wenyewe katikati, na ukingoni alama za nyuzi 360. Mlinzi huzungusha pete yenye matundu mawili ya kulengea, kama anayelenga bunduki, hadi moshi uonekane katika mstari mmoja na matundu hayo, kisha husoma nyuzi. Mlinzi wa mnara wa pili hufanya vivyo hivyo. Mistari yao inapokatana juu ya ramani, hapo ndipo penye moto. Kilichobaki ni simu, na nyaya zake zilivutwa hadi vileleni.

Kazi hiyo haikuwa ya wanaume pekee. Mwaka 1913 Hallie Daggett aliajiriwa kulinda kilele cha Eddy Gulch huko California, jambo ambalo wengi walilitilia shaka wakati huo. Aliendelea kwa misimu kumi na mitano (15). Huko Australia Magharibi, ambako milima ni haba, walinzi walitumia miti yenyewe: mwaka 1947 mti wa mkari ulio karibu na mji wa Pemberton ulipigiliwa vigingi kuuzunguka shina na kujengewa kibanda juu kabisa.

Tanzania, minara ya moto inahusishwa zaidi na mashamba ya miti ya kupandwa kuliko mapori ya asili. Mfano mkubwa ni Sao Hill, wilayani Mufindi, Mkoa wa Iringa, kusini mwa uwanda huu wa kati. Majaribio ya kupanda miti yalianza huko mwaka 1939, na leo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini, likiwa na eneo la zaidi ya hekta 135,000, ingawa si lote lililopandwa. Misonobari ina utomvu unaowaka upesi na huchukua miaka mingi kukomaa. Moto wa alasiri moja unaweza kufuta kazi ya miaka 20. Kwa sababu hiyo, pamoja na minara juu ya vilima, shamba hulindwa kwa barabara za kuzuia moto, doria na simu za upepo.

Pori la asili halina bahati hiyo. Mti wa miombo hauna bei ya msonobari katika vitabu vya hesabu, na hakuna serikali iliyowahi kuona faida ya kusimamisha minara kutoka Kondoa hadi Itigi. Lakini kukosekana kwa mnara hakukumaanisha kukosekana kwa macho. Katika msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati, kaskazini mwa Kondoa, wenye hekta 9,000 hivi, vijiji vilipewa dhamana ya ulinzi mwaka 1994 baada ya mpango wa kuufanya hifadhi ya serikali kupingwa na wananchi. Vijiji vikateua walinzi wao na kujiwekea sheria ndogo, zikiwemo za uchomaji moto. Ulikuwa mnara usio na ngazi, na mafanikio yake yalichangia kuandikwa kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, inayotambua misitu ya hifadhi ya vijiji.

Kuchelewa kwa moto kudhibitiwa kuna gharama kubwa zaidi milimani. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulianza karibu na kituo cha mapumziko cha Whona katika Mlima Kilimanjaro. Mamia ya askari, wanafunzi na wanavijiji walipanda kwa miguu wakiwa na matawi na majembe, na hadi unadhibitiwa ulikuwa umeunguza kilomita za mraba 95.5, kwa mujibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka jirani na kambi ya Karanga. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu. Misitu hiyo hukamata maji ya ukungu, na upotevu wake, kwa maoni yake, unaathiri vyanzo vya maji kuliko kuyeyuka kwa theluji ambako ndiko kunakoandikwa zaidi.

Wapo wanaosema setilaiti zimemaliza mjadala. Ni kweli kwamba tangu Terra irushwe mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002, ramani za mioto ya Afrika zimepatikana bila mtu kupanda ngazi, na vyombo vilivyorushwa kuanzia 2011 huona kwa vipande vya mita 375. Lakini vyombo hivyo hupita juu ya sehemu moja mara chache tu kwa siku, mchana wa saa saba na nusu hivi na usiku saa kama hiyo. Moto uliowashwa saa tisa alasiri huwa na saa kumi za kujitanua kabla ya kupita tena. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat za kizazi cha pili hutazama kila baada ya dakika 15, ila kipande chake kimoja ni kilomita tatu kwa tatu au zaidi, na moto mchanga hupotea humo. Ndiyo maana makampuni ya misitu ya Afrika Kusini, tangu miaka ya 1990, hayakubomoa minara bali yaliifunga kamera.

Sheria ya 2002 inataka anayechoma mimea katika mazingira yaliyotajwa apate kibali kwanza, na inawapa maofisa uwezo wa kuwaita watu walio karibu kusaidia kuzima moto. Kwa mkazi wa Dodoma anayeuona moshi kutoka dirishani, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupokea taarifa kwa namba 114. Swali la kwanza atakaloulizwa ni lile lile ambalo Osborne alilitengenezea sahani yake: moto uko wapi?