Nani Amlipe Mwalimu? Habari za Shule Zetu na Sehemu ya Wazazi

Katika vitabu vya yubile tumezoea kusoma jinsi kanisa lilivyojengwa, majina ya mapadri waliopita na hesabu ya waliobatizwa. Hayo ni haki. Lakini katika nchi yetu ya Kongo kanisa halikusimama peke yake. Ubavuni mwake palikuwa na shule, na mara nyingi darasa lilitangulia altare. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaandikia ninyi waamini wa Lac Vert, nanyi mapadri wageni mliokuja kushangilia pamoja nasi, habari ya jambo moja tu la shule: ni nani aliyemlipa mwalimu tangu zamani hata leo, na mzazi alipewa neno gani. Mtaona kwamba maswali hayo mawili hayakuachana kamwe, na kwamba leo yanawagusa hasa watoto wetu walio wadogo kabisa.

I. Wakati wa misioni

Mapatano ya kwanza yalifanyika mbali nasi. Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na Serikali ya Kongo, iliyokuwa bado mali ya mfalme Léopold II, walipatana hivi: Serikali itawapa wamisionari mashamba, nao wamisionari watafungua shule na kuwafundisha watoto, hasa kilimo na kazi za mikono. Baadaye, kati ya miaka 1925 na 1929, Serikali ya Wabelgiji ilipanga kuzisaidia kwa feza shule za misioni katoliki zilizofuata programu yake. Misioni za Kiprotestanti zilingoja msaada huo hata mwaka 1948.

Na mzazi je? Huko vijijini yeye ndiye aliyekata miti, aliyeleta majani, aliyekandika udongo wa darasa. Lakini programu ilitoka Bruxelles na Léopoldville. Mzazi alikuwa na mikono, hakuwa na neno. Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret alipotaka kueneza shule za Serikali zisizo za dini, ugomvi mkubwa uliwaka kati ya Wabelgiji. Kila upande ulisema kwa jina la wazazi, lakini wazazi wenyewe waliulizwa kidogo sana.

II. Kunyang'anywa na kurudishiwa

Jimbo letu la Goma lilizaliwa mwaka 1959, na uhuru wa nchi ukafuata tarehe 30 Juni 1960. Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko lake juu ya malezi ya kikristu, liitwalo Gravissimum Educationis. Tamko hilo lafundisha mambo mawili pamoja. La kwanza, wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. La pili, Serikali yapaswa kugawa feza za umma kwa haki, ili mzazi aweze kuchagua shule kwa uhuru wa kweli. Watu wengi hulikumbuka neno la kwanza na kulisahau la pili. Lakini mzazi asiye na kitu mfukoni, uhuru wake wa kuchagua ni wa mdomoni tu.

Mwisho wa mwaka 1974, utawala wa Mobutu ulizichukua shule zote mikononi mwake, na somo la dini likaondolewa. Haikupita miaka mitatu Serikali ikaona mzigo umeilemea. Tarehe 26 Februari 1977 iliandikiana mapatano na Kanisa Katoliki, na vilevile na Waprotestanti na Wakimbangu. Shule zilibaki mali ya taifa: Serikali ilipe mishahara na kuweka programu, Kanisa liongoze kazi ya kila siku. Ndiyo maana hata leo shule nyingi za parokia zaitwa za mapatano, nazo si shule za watu binafsi. Mwalimu wake ni mtumishi wa umma.

III. Miaka ya wazazi

Mapatano yale yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Lakini katika miaka ya 1980 Serikali ilipunguza sana matumizi yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei za vitu zilipanda hata mshahara wa mwalimu haukutosha kununua unga. Mwaka 1992 walimu waligoma kwa muda mrefu. Ili shule zifunguliwe, Maaskofu na chama cha wazazi walikubali dawa ya muda: kila mzazi atoe kitu kidogo cha kumtia mwalimu moyo. Sisi sote twaijua kwa jina lake la Kifaransa, prime. Dawa ya muda ilidumu zaidi ya miaka 25.

Tusiwe wanyimivu wa shukrani. Wakati wa vita vya 1996 na vya 1998, na baada ya moto wa Nyiragongo kuuteketeza moyo wa mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, shule zetu zilisimama tena kwa sababu mama aliyeuza makala na baba aliyepasua mawe walitoa franka zao. Bila wao kizazi kizima kingekosa kusoma.

Lakini lazima tuseme pia hasara yake. Kwanza, mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake, akingoja feza ambayo haikuja. Pili, sehemu ya feza hiyo haikubaki kwa mwalimu, bali ilipanda ngazi hata kwenye ofisi za juu. Tatu, komite ya wazazi, iliyowekwa ili kuangalia malezi, iligeuka kuwa baraza la kupanga bei. Wazazi walipokutana walibishana juu ya kiasi cha prime, si juu ya mtoto aliyefika darasa la tatu bila kujua kusoma. Mzazi alipata neno mwishowe, lakini lilikuwa neno la mnunuzi, na mnunuzi asiye na kitu hana neno.

IV. Shule ya bure

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba shule ya msingi katika masomo ya umma ni ya lazima na ya bure. Kifungu kile kile chawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Neno hilo lilikaa kwenye karatasi miaka 13. Mwezi Septemba 2019, Serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kulitimiza, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikakubali kulisaidia kwa dola milioni 800.

Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani waliingia kwa wingi, madawati yakapungua, mwalimu akajikuta mbele ya umati. Walimu wengi hawakuwa wameandikwa bado kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, na prime iliyowalisha ilikuwa imekatazwa. Vita vilipofika mjini Goma mwishoni mwa Januari 2025 na mabenki yakafunga milango, hata mwalimu aliyeandikwa aliona njia ya mshahara wake imekuwa ndefu.

Zaidi ya hayo, katika miaka hii ya shule ya bure kimya kimeingia kati ya wazazi. Tumewasikia wengine wakisema: "Sasa mwalimu ni wa Serikali, sisi hatulipi, hatuna la kusema." Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Mzazi hakupewa haki yake na prime. Ilikuwapo kabla ya prime. Mwenye kutoa kodi sokoni na kwenye barabara amekwisha kulipa shule. Na hata asiyelipa kodi ni mzazi bado.

V. Wadogo waliobaki mlangoni

Shule ya bure yaanza na darasa la kwanza. Sheria ya malezi ya taifa, ya tarehe 11 Februari 2014, yaihesabu maternelle, yaani shule ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, kuwa sehemu ya masomo ya nchi. Lakini ahadi ya bure haikuifikia. Humo mzazi bado ni mnunuzi kama zamani, na ndiyo maana katika Kongo nzima hata mtoto mmoja kati ya kumi wa umri huo hakai katika darasa la namna hiyo.

Wengine watasema: mtoto wa miaka minne atafanya nini shuleni? Tazameni mtaa wetu, uliojengwa juu ya mawe ya volkano, kati ya ziwa dogo na njia ya Sake. Mama huondoka alfajiri kwenda soko. Mdogo huachiwa nani? Mara nyingi dada yake wa miaka minane. Basi nafasi ya bure ya yule dada katika shule ya msingi yapotea, kwa sababu mdogo wake hana pahali. Tena, mtoto wetu huzungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kinande au Kishi nyumbani, na akifika darasa la kwanza bila kuzoea Kiswahili cha shule, kitabu humwonekana kama ukuta.

Katika miaka hii mtaa wetu umepokea pia wakimbizi wengi wa vita. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi zao za Lac Vert na Mugunga, na watoto walikuwa kati ya waliokufa. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa. Watoto wadogo waliopita katika mambo hayo wahitaji pahali pa kuimba, kuchora na kucheza chini ya macho ya mtu mzima mwema, kabla ya kuambiwa wahesabu.

Njia moja yajulikana katika nchi yetu: vituo vya mtaa ambamo mama waliofundishwa kidogo huwakusanya watoto kwa zamu, nao wazazi huchagua na kuangalia. Ni kazi njema. Lakini historia tuliyoieleza yatuonya: mama hao wasipoandikwa popote na wasipolipwa na umma, tutaanza tena safari ya prime, na wa kwanza kurudishwa nyumbani atakuwa mtoto wa maskini.

Kwa hiyo twawaomba ninyi wazazi wa shirika zote: nendeni kwenye mkutano wa kuchagua komite ya shule. Ombeni hesabu zibandikwe mlangoni, pahali kila mtu aweza kuzisoma. Na pamoja na Paroko, mapadri na masista, tumwandikie mwenye kuongoza masomo kwamba mwalimu wa watoto wadogo wa Lac Vert naye aingizwe kwenye orodha ya mishahara. Wazee wetu walitoa mikono, wazazi wa juzi walitoa feza. Sehemu yetu sisi ni kutoa neno, na kulirudia hata lisikiwe.

Mungu awabariki wazazi na walimu wa Lac Vert.