Mpwito, si Uwezo wa Kitendo

Kijitabu kimoja cha istilahi kinauita mruko wa volteji katika seli ya neva "uwezo wa kitendo". Waliokipitisha walitafsiri maneno, hawakuitazama seli. Neno walilolifuata, potential la Kiingereza, limetoka katika Kilatini, potentia, yaani nguvu au uwezo. Lakini tangu 1828, George Green, msaga unga wa Nottingham, alipolitia katika hesabu za umeme, neno hilo huko halihusu tena kuweza. Uwezo ni wa jambo lisilotendeka bado. Huu mruko hupanda na kushuka kwa milisekunde chache, na ishara imekwisha kwenda.

Mimi nasema mpwito. Jipu linapwita, mshipa wa panjani unapwita. Kinachopwita hakingoji mtu. Ndiyo maana siukubali "msukumo" wa baadhi ya wenzangu: msukumo una msukumaji, kama pigo lilivyo na mpigaji. Vuta hutoa mvuto, pwita hutoa mpwito, wingi mipwito; seli hupwita, ikichochewa hupwitishwa. Huo uwezo wa kitendo utanyambuliwaje? Niliiuliza kamati iliyokipitisha kijitabu hicho kwa maandishi, na hadi leo haijaona haja ya kunijibu.

Ushahidi wangu ni samaki wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni. Dume akitwaa himaya, seli za ubongo wake zinazotoa homoni ya kuamsha uzazi hunenepa. Mwaka 2004 Greenwood na Fernald walionyesha kwamba ukinzani wa umeme wa seli hizo ni mdogo kuliko wa dume asiye na himaya, na utando wake hubeba chaji nyingi zaidi. Seli hizo hupwita zenyewe. Msukumaji yuko wapi?

Kwa samaki wenye mifupa, nyuzi za neva hizo huingia hadi ndani ya tezi ya pituitari; mpwito ukifika mwishoni mwa uzi, kalisi huingia, homoni humwagika, na tezi nayo huachia homoni yake katika damu. Hapa Kisii kuna kituo cha Kegati cha KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na Nyamira wapo wanaofuga kambare. Kambare jike hupevusha mayai bwawani lakini kwa kawaida hayaachii, hivyo fundi humdunga kwenye msuli wa mgongo dondoo la pituitari ya kambare mwingine, kisha baada ya saa kadhaa humkamua mayai. Mfugaji akiuliza sindano ya nini, aambiwe: inaipa damu homoni ambayo mipwito ya samaki wake haikuitoa kwa kiasi cha kutosha.