Mpini wa brashi ya kunyolea

Mpini wa brashi ya kunyolea ni sehemu ya kushikia ya brashi inayotumika kutengeneza povu la sabuni na kulipaka usoni kabla ya kunyoa ndevu kwa wembe. Mipini mingi ya siku hizi hutengenezwa viwandani kwa plastiki, lakini wako mafundi wanaoitengeneza kwa mikono wakitumia malighafi zisizo za kawaida, kama vile pembe za ng'ombe, mfupa, mpingo, kokwa za minazi ya porini na hata magunzi ya mahindi.

Umbo la mpini ni dogo na rahisi. Ugumu wa kazi unatokana na matumizi yake: karibu kila siku mpini hulowa maji ya moto na sabuni, kisha hukauka. Kitu kinachopendeza kwenye kabati kinaweza kupasuka, kuvimba au kunuka baada ya miezi michache bafuni.

## Muundo

Brashi ina sehemu mbili: kishungi cha nywele na mpini. Nywele hutoka kwa nguruwe, farasi au wanyama wa jenasi *Meles*, ambao ni jamaa wa nyegere. Siku hizi nyuzi za sintetiki hutumika pia. Kwa Kifaransa neno *blaireau* lina maana ya mnyama huyo na pia ya brashi yenyewe.

Vishungi vingi vina kipenyo cha milimita 20 hadi 28. Hubandikwa kwa gundi ndani ya tundu lililotobolewa juu ya mpini. Tundu hilo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa sababu maji yanayoteremka kwenye nywele hukusanyika hapo.

## Historia

Brashi za kunyolea zilienea Ulaya katika karne ya 18. Mipini ya watu wenye uwezo ilichongwa kwa pembe za ndovu, fedha au mbao ngumu, na ya watu wa kawaida kwa mfupa, pembe za ng'ombe au mbao za kawaida.

Plastiki za kwanza zilibuniwa kwa kiasi kikubwa ili kuiga malighafi hizo za bei ghali. Seluloidi iliyotengenezwa na John Wesley Hyatt nchini Marekani mnamo miaka ya 1860 ilikusudiwa kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi. Baadaye zilifuata plastiki ya kaseini, inayotokana na maziwa, na bakelaiti iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Mpaka leo mipini mingi ya plastiki hupakwa rangi ya pembe za ndovu au ya gamba la kasa aina ya ng'amba.

## Malighafi

Mpingo (*Dalbergia melanoxylon*) hupatikana Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine za Afrika. Ni mti uleule wa vinyago vya Wamakonde na wa ala za muziki kama klarineti. Mbao yake ya ndani ni nyeusi na nzito kiasi cha kuzama majini, na ina mafuta ya asili yanayozuia maji kupenya. Kwa kuwa sehemu kubwa ya gogo hubaki kama vipande vidogo baada ya kazi nyingine, mabaki hayo hutosha mpini. Mafuta hayo yana kasoro moja: huzuia gundi kushika, kwa hiyo fundi hufuta tundu kwa asetoni kabla ya kubandika.

Pembe za ng'ombe zimeundwa kwa keratini, sawa na kucha. Sehemu kubwa ya pembe ina uwazi ndani. Ncha pekee ndiyo iliyojaa na inayofaa kukerezwa mzima mzima. Pembe hulainika kwa joto, hivyo maji ya moto sana huweza kuipinda au kuitenganisha tabaka kwa tabaka.

Pembe za kulungu wa Ulaya na Amerika Kaskazini ni mfupa, si keratini. Huanguka zenyewe kila mwaka, kwa hiyo huokotwa bila kumwua mnyama. Ndani yake mna sehemu yenye vitundu kama sifongo, ambayo lazima izibwe kwa gundi nyembamba.

Kokwa za mimea ya jenasi *Phytelephas* ya Amerika Kusini ni nyeupe na ngumu, hata huitwa pembe za ndovu za mimea. Kokwa za mkoma (*Hyphaene*) wa Afrika zinafanana nazo. Kwa kuwa ni ndogo, zina uwazi katikati na hunyonya maji, hutumika kama pambo au huzungushiwa rezini.

Magunzi ya mahindi, koni za misonobari na mbao zilizooza nusu haziwezi kukerezwa peke yake. Hukaushwa kabisa, hutumbukizwa katika rezini ndani ya chombo kinachotolewa hewa kwa pampu, kisha rezini hugandishwa kwa joto. Hewa iliyokuwa katika vitundu hutoka na rezini huingia mahali pake.

## Utengenezaji

Fundi hukata kipande chenye urefu unaozidi kidogo ule wa mpini, hutoboa tundu kwanza, kisha hukereza umbo kwenye kerezo. Kutoboa mapema kunasaidia, kwa kuwa kipande kikipasuka, kazi nyingi haijapotea. Mpini hupunguzwa kiunoni ili usiteleze mikononi mwenye povu, na kitako hufanywa kipana ili brashi isimame.

Baada ya hapo husuguliwa kwa msasa, kuanzia wa chembe kubwa hadi laini. Mbao hupakwa matabaka kadhaa ya vanishi isiyopenya maji, na ndani ya tundu pia. Mafundi wengi wanaoanza husahau ndani ya tundu, na hapo ndipo ufa huanzia. Mwisho kishungi hubandikwa kwa gundi ya epoksi.

## Afya

Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mpingo huweza pia kuwasha ngozi na njia ya hewa. Kwa hiyo barakoa ya vumbi na hewa ya kutosha ni vya lazima.

Malighafi za wanyama zina hatari nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata, askari na raia wa Uingereza na Marekani waliambukizwa kimeta kutokana na brashi mpya zenye nywele za farasi ambazo hazikutakaswa ipasavyo. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Vijidudu vya kimeta huishi miaka mingi katika hali ya mbegu, na kuchemsha kwa muda mfupi hakutoshi kuviua. Kwa sababu hiyo pembe, mfupa au nywele za mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana hazifai kutumika kamwe.

## Sheria

Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilizuiwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989, ambao Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupendekeza. Gamba la ng'amba nalo limezuiwa. Mpingo haujapigwa marufuku, lakini tangu tarehe 2 Januari 2017 jenasi yote ya *Dalbergia* imo katika orodha za CITES, na usafirishaji wake kibiashara kwenda nchi nyingine huhitaji kibali. Brashi ya zamani yenye mpini wa pembe za ndovu inaweza pia kukamatwa mpakani, hata kama mwenyewe aliirithi kutoka kwa babu yake.