Sheria ya Massachusetts na koti la zimamoto la Kindu

Koti la zimamoto lina tabaka tatu. La nje hukabili miali, la ndani hupunguza joto, na katikati upo utando unaozuia maji yasimfikie mvaaji. Kwa miaka mingi utando huo umetengenezwa kwa PTFE, iliyogunduliwa 1938 na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont. PTFE ni ya jamii ya kemikali za PFAS, na kemikali nyingine za jamii hiyo zilipakwa juu ya kitambaa cha nje ili mafuta yasigande. Kaboni na florini zikishikana, hata miaka mingi haizitenganishi kwa urahisi, iwe ardhini, majini au mwilini.

Waliolivaa hawakuambiwa. Mwaka 2014 Paul Cotter, askari wa zimamoto mjini Worcester, Massachusetts, aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Hakuna awezaye kuapa kwamba ilitokana na koti lake, lakini mkewe, Diane, alitaka kujua lilishonwa kwa kitu gani, na hakunyamaza. Alimpata Graham Peaslee, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Notre Dame. Matokeo ya vipimo vyake, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha florini nyingi katika vitambaa vya makoti ya zimamoto. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka kazi yenyewe ya kuzima moto katika kundi la visababishi vya saratani.

Kikwazo kilikaa ndani ya kanuni. Kiwango cha Marekani, NFPA 1971, kilitaka utando ustahimili saa 40 za mwanga wa urujuanimno, sharti ambalo kwa kweli lilimlazimisha mtengenezaji kutumia PFAS. Machi 2023 chama cha wazima moto, IAFF, kiliwashtaki waandishi wa kiwango hicho. Jimbo la Washington lilikwisha kutunga sheria 2018: muuzaji amwarifu mnunuzi kwa maandishi. Massachusetts ikaenda mbali zaidi. Agosti 2024 Gavana Maura Healey alitia saini sheria inayopiga marufuku, kuanzia 1 Januari 2027, kuuza mavazi ya zimamoto yaliyotiwa PFAS kwa makusudi.

Sheria hiyo inambana muuzaji wa Massachusetts. Haimfikii anayevaa koti lililotumika na kutolewa kama msaada, na Afrika imezoea kupokea vifaa vya namna hiyo. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sisi wa mji wa Kindu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia kiwanja cha ndege hadi maghala ya kando ya mto Lualaba.

Kongo ina silaha ya kisheria, nayo ni kali. Kifungu cha 55 cha Katiba ya 2006 kinafanya uingizaji wa taka zenye sumu, au bidhaa nyingine yoyote ya hatari, kuwa kosa la jinai. Nchi imekuwa mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali za sumu zisizooza upesi, tangu 2005, na mkataba huo uliongeza kwenye orodha yake kemikali za PFAS: PFOS 2009, PFOA 2019 na PFHxS 2022. Lakini PFAS ni maelfu, na PTFE ya ule utando haimo. Mwanasheria wa Kinshasa anaweza kubishana mwaka mzima kama koti kuukuu ni bidhaa ya hatari.

Naona njia fupi zaidi. Tangu 1 Januari 2025 muuzaji wa Massachusetts anatakiwa kueleza kwa maandishi kama vazi lina PFAS na kwa nini zimetiwa. Atakayepokea makoti Kindu adai karatasi hiyohiyo kabla ya kutia saini ya mapokezi.