Mubirizi, jani chungu la Buyenzi

Buyenzi nilikokulia, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, mubirizi ulikuwa ndio ua wa nyumba. Unachomeka kijiti ardhini, kinaota. Mtoto akipata homa, bibi alichuma majani, akayafikicha kwenye maji, akakubana pua unywe. Ukiomba sukari unaambiwa sukari ni ya chai.

Nilidhani ni mambo ya bibi yangu tu. Kumbe ziwa letu la Tanganyika lina hadithi ndefu. Kule Mahale, upande wa Tanzania, Novemba 1987, mtafiti Mmarekani Michael Huffman alikuwa porini na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za kwao. Wakamwona sokwe jike, Chausiku, mgonjwa, hana nguvu. Akavunja tawi la mti huu huu, akamenya ganda, akatafuna moyo wake na kufyonza maji machungu. Kesho yake akaanza kupata nafuu. Kalunde ndiye aliyemwambia mtafiti kwamba hiyo ni dawa, Watongwe wanaiita mjonso. Mimi napenda jina lake litajwe kwanza, maana bila yeye Mmarekani angeona sokwe anakula majani, basi.

Lakini historia haikuishia kwa sokwe. Mwaka 2000 na 2001 malaria ilipanda hadi milimani kwetu Burundi, wakaugua watu mamilioni. Klorokwini ilikuwa imeshazoeleka na vijidudu, haiui tena. Watu wakarudi kwenye mubirizi, wengine wakabaki hapo hapo hata baada ya serikali kuleta dawa mseto mwaka 2003. Na artesuneti iliyomo ndani ya hiyo dawa mseto, nayo asili yake ni jani: pakanga ya Wachina.

Sisi tulikuwa kati ya hao waliobaki. Hapa kambini mtoto wa mdogo wangu alishikwa na homa, tukamnywesha mubirizi siku mbili. Siku ya tatu degedege. Zahanati walimpima, malaria kali. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii vizuri. Kosa lilikuwa letu, silisukumi kwa mtu. Bibi yangu mwenyewe, homa ikilala usiku mmoja, asubuhi alikuwa ananibeba kwenda kwa daktari. Hilo tulilisahau, tukakumbuka uchungu tu.

Mwaka jana dada mmoja wa shirika, Mkameruni, aliona mti wangu nyuma ya nyumba akacheka kwa furaha. Kwao ni mboga, ndolé! Akanifundisha: chemsha, mwaga maji, kamua, osha tena na tena mpaka uchungu ubaki kidogo, kisha karanga za kusaga na samaki. Mimi nimetia ndagala, kwa vile ndio tunazo.

Yule mtoto alikula sahani nzima. Nilimuuliza upande wa kulia kama anaongeza.