Densiti Tulivu: Kuiva si Kutulia

Mbale, Uganda, kila mwaka wa shufwa, msimu wa imbalu, yaani tohara ya Wamasaba, ukishafunguliwa katika uwanja wa Mutoto, pombe ya ulezi ndiyo saa ya sherehe. Kijana wa Kimasaba anayetahiriwa hushiriki mwenyewe kuitayarisha, naye hupakwa chachu yake mwilini. Kwa siku zipatazo tatu kijana na chungu huchemka pamoja. Siku ya kisu ikifika, wazee huonja na kutoa hukumu ya neno moja: imeiva.

Neno hilo linatosha kabisa palipo na chungu. Kamalwa ya Wamasaba, ambayo Kampala huitwa malwa na Teso ajon, hunywewa ingali hai. Maji ya moto humiminwa juu, mirija mirefu huingizwa, na gesi inayozaliwa hupanda hewani. Isipokwisha kuchacha, hakuna atakayedhurika.

Chupa ndiyo iliyoleta swali jipya. Njeru, ng'ambo ya Nile ukitoka mjini Jinja, Nile Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1951, hutia bia chupani na kuifungia kwa kizibo cha chuma. Mtu anayepika bia nyumbani kwa ndoo ya lita 20 akitaka kufanya vivyo hivyo, "imeiva" haimtoshi tena. Anahitaji kujua kama hamira imeacha kula.

Hapo ndipo haidromita inapoingia, bomba la kioo linaloelea wima ndani ya kinywaji. Katika maji safi husoma 1.000. Maji ya kimea yaliyojaa sukari husoma, tuseme, 1.050. Hamira inapoigeuza sukari kuwa alkoholi na gesi, kinywaji huwa chepesi na namba hushuka, pengine hadi 1.010. Tofauti ya namba hizo mbili ukiizidisha kwa 131 hukupa asilimia ya alkoholi, hapa kama 5.2.

Namba hiyo ya mwisho Waingereza huiita final gravity. Tuitafsirije? "Uzito wa mwisho" ni kosa, maana ndoo kubwa ina uzito zaidi kuliko ndogo ilhali bia ni ileile. "Graviti" humpeleka msomaji kwenye mvutano wa dunia. "Densiti", inayotumika tayari katika vitabu vya fizikia, inafaa.

Ugumu wangu uko kwenye "ya mwisho". Nani ajuaye kwamba namba aliyoisoma leo ndiyo ya mwisho? Povu halitoi ushahidi. Usiku wa baridi unaoshuka kutoka mlima Wanale unaweza kuilaza hamira, kisha joto likairudisha kazini. Na mchana wa jua la Jinja unaweza kutoa mapovu ya gesi iliyokuwa imeyeyuka tu, kumbe kuchacha kulikwisha juzi. Hata 1.010 yenyewe si ahadi: bia moja husimama hapo, nyingine hushuka zaidi, nyingine hukoma juu yake.

Kosa hapa ni la hatari. Ukifunga chupa namba ikiwa 1.014, nayo ilikuwa ishuke hadi 1.010, umefungia humo takriban gramu 8 za sukari kwa kila lita. Hizo peke yake huzaa karibu lita 2 za gesi kwa lita ya bia, kiasi kinachokaribia gesi yote ya bia ya kawaida. Ongeza sukari ambayo wapishi hutia makusudi ili bia itoe povu, na kioo kinaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo napendekeza "densiti tulivu". Maji hutulia, bahari hutulia, na kila Mswahili anajua kwamba utulivu haupimwi kwa kutupa jicho mara moja. Neno lenyewe linabeba kanuni ya kazi: pima leo, pima kesho, pima keshokutwa, kinywaji kikiwa na joto lilelile. Namba isipoteremka, bia imetulia. Ikiteremka hata kidogo, iache ndoo, wala usiguse chupa.