Rekodi ya 1974 bado inatudai

Huku Mtwara joto ni lile lile, ila kantini kuna ubishi: eti ukimtoa Simbu, riadha ya Bongo ina historia gani? Haya, tuanze.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza fainali ya mita 1500 ya Jumuiya ya Madola toka mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa 3:32.2. Rekodi ya dunia! Sebastian Coe akaja kuivunja 1979. Kama rekodi ya michezo ile ikadumu hadi 2022. Na ya taifa je? Mpaka leo ni hiyo hiyo. Ya maili, 3:51.0 aliyoiweka Kingston 1975, nayo ipo tu.

Barabarani lakini hatujalala. Gabriel Geay alikimbia marathoni kwa 2:03:00 kule Valencia 2022, na Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia Tokyo 2025. Kwa nini huko ndo tunasonga? Marathoni ina zawadi nono, na barabara ipo kila mahali. Mita 1500 zinataka uwanja, kocha na mashindano ya mara kwa mara. Kijana wa Mtwara anaweza kung'ara UMISSETA, akimaliza form six ndo basi tena.

Kwa hiyo jamani, tumsifu Bayi, anastahili. Ila rekodi ikipita miaka 50 haijavunjwa, si sifa tena kwetu, ni deni. Nani atalipa?